Mchanga Kwenye Viatu vya Musyoka

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Nimefua mashati yake matatu. Nimenusa kola kabla ya kuyaloweka. Wiki tatu sasa na bado nacheka peke yangu jikoni. Mimi, mke wa Musyoka! Nikiliandika jina hilo mkono unataka kuliandika tena. Musyoka, Musyoka.

Nyumba za wafanyakazi wa chuo kikuu ni ndogo, chumba na jiko, lakini yetu ina pazia la manjano. Yeye ni fundi wa maabara. Sasa wamemfanya pia katibu wa kamati ya dharura, kwa sababu redio inasema mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa, na bweni la chini liko karibu na mto. Ndoo za mchanga wa kuzimia moto amezipaka rangi nyekundu mwenyewe. Nilimtazama akipaka. Ni mzuri hata akiwa na rangi puani.

Jambo moja tu. Viatu vyake vina mchanga wa mtoni. Maabara iko juu, mto uko chini. Na ndoo zilijaa tangu wiki iliyopita.

Jumatano, 8 Oktoba

Mchanga tena. Nimeuliza. "Kazi ya kamati, mpenzi." Kisha akaomba aongezewe mahindi ya muthokoi. Aliangalia sahani, hakuniangalia mimi.

Mama Ndinda, mke wa dereva, alikuja kuomba chumvi. Hakuja kwa ajili ya chumvi.

"Bibi arusi, bwana yako anapenda sana mto siku hizi."

"Ni kazi."

"Eh, kazi. Na Syombua naye ni kazi?" Akacheka mpaka chumvi ikamwagika.

Syombua ni kiongozi wa mwethya ya kijiji cha ng'ambo, wale wanawake wanaofanya kazi kwa pamoja, wanaojenga ukuta wa kuhifadhi maji kwenye mchanga wa mto. Hana mume. Alisoma darasa moja na Musyoka. Ana mwanya mzuri wa meno. Namchukia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mfukoni mwa suruali yake: filimbi mpya. Ina kamba nyekundu. Si kamba ya dukani. Ni uzi wa kusokotwa kwenye paja, uzi wa vyondo, vile vikapu vyetu vya kusuka. Musyoka hawezi kusokota. Mimi sijamsokotea.

Nimeirudisha mfukoni. Nimempa chai bila sukari, akainywa yote bila neno. Mtu asiye na hatia angelalamika.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemfuata. Naona aibu kuandika, lakini nimemfuata. Saa kumi, nimebeba mtungi ili nionekane naenda kuteka maji. Nikajificha nyuma ya kichaka cha miiba.

Walikuwa wawili tu. Wanapaka mawe rangi kwenye ukingo, meupe chini, mekundu juu. Syombua alikuwa amekasirika.

"Waambie, Musyoka. Usipowaambia wewe, nitakuja ofisini mwenyewe."

"Nipe wiki moja."

"Na mke wako, anajua?"

"Asijue kwanza."

Asijue! Nimerudi na mtungi mtupu. Nimekata vitunguu vingi ili niwe na sababu ya kulia. Nampenda na nataka kumpiga kwa mwiko.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo yalikuwa mazoezi ya mafuriko. Asubuhi aliniambia: filimbi ikilia, acha kila kitu, panda kilimani, kanisani. Nikajibu "sawa" nikiwa nimempa mgongo.

Saa nne ikalia. Mara tatu, ndefu. Na mimi, niliyeambiwa asubuhi hiyo hiyo, nilichukua jembe nikakimbilia mtoni.

Kwetu Tawa, tangu nikiwa mtoto, filimbi ni mwethya. Ikilia, mama anachukua jembe, sisi tunachukua karai, tunashuka. Miguu yangu haikuuliza kichwa. Nyuma yangu Mama Ndinda, na jembe. Wapishi wa chuo, na majembe. Ng'ambo, wanawake wa kijiji wanateremka kwenye mchanga wakiimba. Wanafunzi peke yao ndio waliopanda, wakasimama juu wakitucheka.

Syombua alikuwa katikati ya mto, mikono juu, sauti imemkauka. "Rudini! Pandeni! Leo mngekuwa mmekufa nyote!" Akaniona. "Hata wewe, mke wa katibu?"

Mto ulikuwa mkavu. Shukrani kwa Mungu ulikuwa mkavu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Amesema yote, ameketi kitandani, viatu mkononi. Filimbi ilikuwa wazo lake. Mkuu wa chuo alimsifu mbele ya kamati nzima. Siku mbili baadaye Syombua akamwambia itawaita wanawake mtoni badala ya kuwatoa. Dada yake Syombua aliwahi kuchukuliwa na maji hapo hapo, ameitikia filimbi, jembe mkononi. Musyoka alijua. Akanyamaza. Alitaka kwanza amalize mawe ya kupimia maji, awe na kitu cha kuonyesha, ndipo akiri.

"Nilitaka unione mwerevu," alisema.

Nilifurahi kwamba hakuna mwanamke. Nilifurahi kidogo tu. Kisha nikaogopa. Mume wangu anaweza kuacha watu wateremke mtoni ili asionekane mjinga.

Nikamwambia aende kwa mkuu wa chuo kabla ya kula. Alikwenda. Nilisimama dirishani mpaka nikamwona ameingia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Maji yamekuja. Saa saba mchana, kwetu jua, mvua ilikuwa huko juu. Walipiga kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya maabara. Reli, si filimbi. Wiki nzima mimi na Syombua tulipita nyumba kwa nyumba kueleza ishara mpya. Sikuongea naye sana.

Tulipanda. Majembe yalibaki nyumbani. Mto ukaja na rangi ya chai, na miti mizima. Mawe meupe yakazama. Kisha mekundu. Bweni la chini likajaa mpaka madirishani, bila mtu ndani. Syombua alituhesabu kwa kidole. Aliponifikia alinigusa bega.

Jumapili, 26 Oktoba

Ibada kanisani, kati ya magodoro ya wanafunzi wa bweni la chini.

Syombua ameniletea kiondo. Zawadi ya harusi, imechelewa, alisema, kwa sababu uzi ulimwishia. Mistari ni myekundu. Uzi ule ule. Kamba ya filimbi aliitoa kwenye uzi wa kiondo hiki. Sikujua pa kuweka uso.

Musyoka amesinzia kwenye kiti. Viatu viko mlangoni, vimejaa matope. Nimevikung'uta. Nampenda. Kesho akirudi nitamuuliza alikuwa wapi, na nitamtazama machoni mpaka amalize kujibu.