Sauti ya Dada Yako Kwenye Video

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
14 Mei.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Baridi ya huko inakuonaje? Na mgongo, siku hizi unakuacha ulale? Sisi wazima wa afya, ila dada yako amekuwa mtu maarufu na nyumba haikaliki.

Nilikwambia kwamba sasa hesabu nafundisha kinyume: somo nalirekodi kwa simu, wanafunzi wanalitazama nyumbani, wasio na simu wanakwenda maktaba, halafu darasani ni mazoezi tu. Mkuu wa shule hakupendezwa hata kidogo. Akasema atakuja kuketi kipindi kimoja, na asiporidhika, video basi. Mjomba, nilikonda kwa wasiwasi.

Mpiga picha wangu ni mama. Yeye anashika simu, mimi naandika kwenye mlango wa kabati tulioupaka rangi nyeusi. Kwa somo la siku ya mkuu nilichukua mfano wa kazi yake ya ushonaji: kitambaa cha meza ya duara, upana mita moja, pembeni kinataka utepe wa urefu gani? Nikapiga hesabu kwa mbwembwe, nikapata mita moja na nusu na kidogo, nikaituma video bila kuitazama tena. Kiherehere changu unakijua.

Siku ikafika. Naingia darasani, mkuu nyuma yangu, nakuta vurugu tupu. Wanafunzi wamebeba meza ya duara ya upana uleule kutoka chumba cha walimu, wanaizungushia uzi na kubishana.

"Mwalimu, mama yako yuko sahihi!"

Mama yangu? Wakanichezea video. Nyuma ya maelezo yangu inasikika sauti ya chini, ya mtu mwenye pini mdomoni: "Utepe huo utaishia nusu meza, mwanangu." Nilikuwa nimechukua nusu ya upana badala ya upana wote, na sauti yenyewe sikuisikia! Wao waliirudisha nyuma mara tano huko makwao.

Nilitamani ardhi ipasuke. Namgeukia mkuu, kumbe amepiga magoti, koti kalitupa kitini, ameshika ncha ya uzi. Ulifika mita tatu na ushee. Kengele ikalia, hakuna aliyetoka.

Ameniruhusu niendelee, kwa sharti kwamba mama aje darasani. Mama alikataa siku tatu nzima. Wewe unajua aliacha shule darasa la nne ili akulee, na tangu hapo hakukanyaga tena darasani. Hata kwenye vikao vya wazazi alikuwa akimtuma baba. Jana alikuja. Watoto arobaini wakasimama kwa pamoja: "Shikamoo, mwalimu!"

Mama akageuka kutazama nyuma, aone ni nani aliyeingia.

Nilifurahi mpaka nikalia, Mjomba, mbele ya darasa zima.

Msalimie sana mkaza mjomba na mapacha wenu. Mungu awape afya na awarudishe salama tuonane. Dada yako anakusalimu, na anasema usimpigie simu Alhamisi asubuhi. Ana kipindi.

Mpwa wako akupendaye,
Mwalimu wa Kinyume