Bomba la Kijiji Kipya

Jumanne, 9 Septemba 1975. Mikumi
Nafuta lenzi tangu asubuhi. Vumbi la huku halina adabu. Kabla ya saa nne tumeshapiga picha za tembo, nyati, na twiga mmoja mwenye maringo. Raha ya wanyama, huwaambii warudie. Kesho upande wa Zombo, kijiji kipya cha ujamaa, filamu ya kuonyesha maji ya bomba yalivyowafikia. Mkuu wangu wa Dar ameahidi: ikitoka vizuri, nakwenda Ulaya kusomea utangazaji wa televisheni. Huku bara televisheni yenyewe hatuna. Sijali. Naitaka safari hiyo kuliko futari, na leo nina njaa ya kweli.

Jumatano, 10 Septemba
Bomba lipo. Tangi lipo. Maji hakuna. Mashine ya kuyavuta toka mtoni bado inasubiriwa. Katibu wa kijiji nusura alie. Wazo likatoka kwangu, na hapa nalikiri: kina mama wachote mtoni, wajaze tangi, bomba litoe, nipige picha, basi. Katibu akanishika mkono kwa furaha.

Alhamisi, 11 Septemba
Wanawake tisa, safari tatu tatu. Mto uko mbali. Jua la kuunguza, wote wamefunga. Mimi kivulini, naandika maneno ya kusoma. Wa mbele alikuwa Bi Zena, mtu mzima, mtani wa kijiji kizima. Saa nane bomba likatoa. Nikamwomba anywe mbele ya kamera.
“Mwanangu, na funga yangu?”
Nikambembeleza. Akakinga kiganja, akatia maji mdomoni, akatabasamu. Kisha akayatema yote. Mimi Mwislamu, nimefunga kama yeye, na nilimwomba vile. Aibu.

Jumanne, 21 Oktoba. Dar
Filamu imeonyeshwa kwa wakubwa. Nilikata palepale kwenye tabasamu, kabla hajatema. Sauti ni yangu: wanakijiji sasa wanakunywa maji ya bomba. Makofi. Mkubwa mmoja wa mambo ya maji akanipa mkono. Akasema, basi ile mashine yao ipelekwe kwingine, hawa wameshapata.
Nikafungua kinywa. Kilichotoka ni “ahsante, ndugu”.
Ahsante!
Mkuu kasema nishughulikie pasipoti.

Ijumaa, 24 Oktoba
Barua ya kusema kweli nimeianza mara nne. Nikiipeleka, Ulaya basi, pengine na kazi. Nisipoipeleka, kina mama wataendelea na ndoo kichwani mwaka hadi mwaka. Nimeikunja tena. Mwoga mimi.

Jumamosi, 8 Novemba. Kijijini
Nimetumwa na gari la sinema kuwaonyesha filamu yao. Darasani, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu walicheka kujiona. Ikafika zamu ya Bi Zena: maji mdomoni, tabasamu, picha ikakatika.
“Kobe! Zena kobe! Kala mchana wa Ramadhani!”
Mwanzo ilikuwa utani. Kisha shemeji yake akauliza, hacheki: kumbe mwezi mzima ulikuwa unatudanganya? Bi Zena akasimama. Sijawahi kumwona bila mzaha usoni.
“Nilitema. Huyu hapa alikuwepo. Mwulizeni.”
Wote wakanigeukia. Nikasema: alitema, mimi nimekata. Nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikawaambia na ya mashine, kwamba imekwenda kwingine kwa sababu ya filamu hii, na kwamba nilikuwepo na sikusema neno. Nilitaka wanitukane. Hakuna aliyenitukana. Shemeji mtu akamwomba Bi Zena radhi, akatoka nje.
Bi Zena akaniambia, “Basi ukaseme na huko Dar, kama ulivyosema hapa.”

Jumapili, 9 Novemba
Nimeandika barua asubuhi, nakala mbili, ya watu wa maji na ya mkuu wangu. Sikuikunja. Dereva amepita nazo kuzitia posta Kilosa, atanirudia mchana. Mashine sijui kama itarudi. Ulaya najua.
Bi Zena alipita akaacha ndoo nyuma ya nyumba niliyolala. Maji ya mtoni ya mgeni kuoga, kama desturi. Nikamwambia sistahili. Akasema, “Oga, mwanangu, una safari.”
Nimeoga kwa kata mbili tu za maji. Mengine nimeyaacha ndooni.