Jina moja kwenye fomu ya korosho

Masasi, Jumatano

Swali lililonishinda tangu tuanze kubangua korosho ni hili: biashara hii niisajili kwa kodi kama yangu peke yangu, au kama ubia wangu na mama mdogo? Mashine nilinunua mimi. Mikorosho ni yake, na kazi karibu yote ni yake.

Leo nilimpelekea mama mdogo fomu zote mbili kijijini kwake, Mkunya. Nilimweleza kwamba ya mtu mmoja ni nyepesi, ilhali ubia unadai mkataba na mhasibu, gharama ambazo hatuzimudu.

Akacheka, vidole vyake vikiwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. "Andika lako, mwanangu. Mimi niandikwe serikalini kwa korosho za kubangua?"

Kisha akaongeza: "Lakini ukitangulia wewe, nani atamwambia mumeo na ndugu zake kwamba mashine ni ya nyumba ya mama zetu?"

Kwetu mali hufuata upande wa mama, na hakuna anayehitaji karatasi kulijua hilo. Fomu haina nafasi ya kuliandika.

Nilimjibu kwamba tutaandikiana makubaliano pembeni. Alikubali upesi mno, kama mtu aliyekwisha kushindwa. Nikarudi mjini, nikawasilisha ya mtu mmoja.

Huenda nilikuwa sahihi. Lakini sijui kama niliichagua kwa wepesi wake, au kwa kuwa ilitaka jina moja tu, langu. Jibu sijalipata, kwa sababu mtu pekee ninayeweza kumuuliza ni mimi, niliyenufaika.