Siku Chombo Kilipokosa Mlango Angani

Baba yangu kipenzi,

Nimeolewa! Nakuandikia nikiwa Bungoma, nyumbani kwa Wafula wangu, na furaha imenijaa. Ni wewe tu uliyekosekana. Ungetungoja kidogo, Baba, harusi ilikuwa karibu.

Unakumbuka watu wake walipokuja kwetu Matisi kuniposa? Tangu asubuhi ulikuwa umeanika mawe ya redio juani yapate nguvu. Habari zilisema chombo kinachopeleka chakula na hewa kwenye kituo cha angani kimekosa mlango, hakikushika, na kingejaribu tena mchana. Wageni wakafika mchana huohuo. Ukawaketisha kibarazani, nawe ukakaa mlangoni, redio sikioni, husemi ndiyo wala hapana.

Mimi nilikuwa jikoni namimina chai, vikombe vinagongana.

“Baba Nekesa, wageni wanangoja,” Mama akanong'ona.

“Na wale walio juu, hawangoji?”

Mjomba wake Wafula akainuka. “Ati tumetoka Bungoma kuja kusikiliza redio, bana? Twendeni!” Akachukua kofia. Nikajua nimekwisha.

Ndipo Wafula, jasho likimtiririka ndani ya suti ya kuazima, akauliza polepole, “Mzee, kikikosa tena, wale watu watafanyaje?”

Ukamtazama kwa mara ya kwanza. “Chombo cha kuwarudisha wanacho. Lakini watakiacha kituo kitupu.” Ukasogeza kiti. “Njoo usikie.”

Vichwa viwili vikainamia redio moja. Mjomba alibaki amesimama, kofia mkononi. Kisha mtangazaji akasema kimeshika! Ukaizima redio, ukasimama. “Mama Nekesa, fungua mlango. Hata wetu wamefika.”

Baba, nilimpenda Wafula kabla ya siku hiyo, lakini tangu hapo nampenda hadi naona haya.

Jioni hii kuna zamu mpya inapanda huko juu. Wale wa zamani wanangoja kuwakabidhi nyumba ndipo washuke kwa watu wao. Wapya bado hawajafika. Mume wangu (nalipenda neno hilo!) amekaa mlangoni na redio uliyomwachia ulipotutoka, chai yake imepoa, hataki kusemeshwa. Nami napanga vikombe jikoni kama siku ile.

Wakifika, nitajua bila kuuliza. Atasimama kama ulivyosimama.

Pumzika, Baba. Nyumba yetu ina watu.

Binti yako, mke wa yule uliyemsogezea kiti