Samaki wa Kiazi Mkononi mwa Esta

Mama yangu wa Kibirizi,

Nina habari, na siwezi kuianza taratibu: samaki wako amerudi! Yule uliyekuwa unamchonga kwenye kiazi kitamu na kumgonga kwenye viroba vyako vya dagaa. Nimempata, mama, na nusura nimpoteze.

Ilianza Jumamosi, hapa nyumbani Katubuka. Shule zimefungwa na wanangu wawili walikuwa wamenichosha kwa kelele. Nikatoa kapu la mboga nililotoka nalo Mwandiga, nikawaambia leo tunatengeneza mihuri. Bamia ukiikata katikati inagonga ua. Kitunguu kinagonga duara ndani ya duara. Zawadi, mkubwa, akachonga nyota kwenye karoti, na mdogo akagonga ukuta wote wa sebuleni kabla sijageuka. Huyo mdogo ndiye Esta. Alizaliwa umeshafariki, nikampa jina lako, na ndiyo maana namwita mama. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nafoka, "Mama, acha ukuta!" Ungecheka.

Wino niliukoroga kwa masizi ya sufuria na mawese, kama wako. Nikasahau kwamba wewe ulikuwa unagonga viroba, siyo madaftari. Mafuta yakapenya kurasa nne, hesabu za Zawadi zikang'aa kama chapati. Tukahamia kwenye kiroba kitupu.

Hapo Esta akauliza, "Bibi yeye alikuwa anagonga nini?"

Samaki, nikamwambia, ili mizigo yake isichanganyike na ya wenzake. Nikamchonga anatazama kushoto, kama ninavyomkumbuka. Tukagonga, akatokea anatazama kulia! Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Nikachonga kingine kinyume, akakaa sawa. Lakini mistari ya tumboni, mama, ilikuwa miwili, mitatu au minne? Sikujua. Hakuna kiroba chako hata kimoja kilichobaki, na picha tuliyonayo inaonyesha uso tu. Niliogopa kweli. Alama uliyoibuni mwenyewe, na mimi mwanao nimeisahau.

Nikakata mitatu kwa kubahatisha. Esta hakusubiri, alinyakua kile kiazi akanigonga hapa, juu kidogo ya kiganja. Ule ubaridi wa kiazi! Yote yakanirudia. Kila asubuhi, kabla mitumbwi haijashusha, ulikuwa unanigonga palepale ukisema, "Buhoro, buhoro, polepole mwanangu, usikimbie. Ukipotea, watajua wakurudishe kwa nani." Halafu nakaa juu ya viroba nahesabu mistari mkononi, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, mpaka umalize kushona. Ndivyo nilivyojifunza kuhesabu. Ni mitatu, mama! Niliruka humo sebuleni kama mtoto, na wajukuu zako wakaruka nami bila kujua tunashangilia nini.

Jana nikampeleka Esta Kibirizi kununua dagaa. Alikuwa amejigonga mkono na hataki kunawa. Tukamkuta bibi mmoja, ungo mkononi, anaanika dagaa zake, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mtoto. Akaushika, akauinua karibu na uso wake.

"We! Mtoto huyu wa Esta!"

"Mimi ndiye Esta," mwanangu akamjibu.

Bibi aliachia ungo, dagaa zikamwagika, na hakuzitazama. Kumbe mlikuwa mnashona viroba pamoja, wewe na yeye. Akambeba mjukuu wako, akampitisha kwa wenzake mmoja mmoja, akiwaonyesha ule mkono. Nililia pale katikati ya dagaa, na sikuona haya.

Kiazi kimeanza kunyauka. Haidhuru, Zawadi ameshachonga kingine, na Esta anahesabu mistari kwa sauti tangu asubuhi. Ukuta wa sebuleni sitaupaka rangi. Nimekugongea samaki hapa chini ya jina langu, mafuta yakipenya yapenye. Pumzika, mama. Sisi hata tukipotea, watajua waturudishe kwa nani.

Mwanao,
mama yao Zawadi na Esta