Kengele ya Mwaka wa Mafuriko

Mjukuu wangu Hadija,

Huku Garsen tuko salama, ila magoti ya bibi yako yanamsumbua. Umeniuliza, wewe mwalimu mpya, kama nami niliwahi kuchoka. Nilichoka, mama.

Mwaka ule wa mafuriko wanafunzi walihamia ng'ambo ya mto na wazazi wao. Nikaachwa nilinde sekondari tupu. Kila kipindi niligonga ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, kwa mazoea tu. Walimu wenzangu waliokuwa wamehama walisikia, wakanicheka.

Maji yalipopungua, mama mmoja Muorma alimrudisha bintiye.

"Mwalimu, huko ng'ambo huyu akisikia kengele yako, anabadilisha kitabu."

Kipindi kilikuwa kimefika, nikaenda kugonga, na uchovu wangu uleule.

Babu yako