Koti la Baba Paskali

Gendabi, Jumanne usiku

Yule farasi hataki kula. Tangu tumzike Baba Paskali anaangalia njia tu. Leo Tluway, aliyekuwa akifundisha farasi pamoja na mume wangu, amekuja mlangoni.

"Mama Paskali, lete koti la marehemu alinuse, atakula. Akifa huyu, mkokoteni wa maji ya kijiji utavutwa na nini?"

Koti! Ndilo ninalojifunika. Ndilo pekee lenye harufu yake bado.

Nikamwambia, "Shemeji, kwani mjane ni yeye?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Sisemi alikuwa mume mbaya. Hakulala kabla ya kuwafunika watoto. Paskali alipougua alimpandisha farasi, yeye akatembea kwa miguu pembeni akimshikilia mpaka hospitali. Lakini farasi alimwita Malkia, mimi aliniita "wewe mama". Na alipomfundisha hakumpiga fimbo, alimnong'oneza sikioni kutwa nzima. Maneno mengi vile mimi sijawahi kuyapata.

Mwishowe nimelivaa mwenyewe, nikaenda zizini. Malkia akaingiza pua kwapani kwangu, akavuta pumzi, akasugua kichwa kifuani. Halafu akala pumba zote.

Nimerudi nikiogopa kwamba ameimaliza ile harufu. Nimelinusa koti sasa hivi. Ipo, tena imezidi.

Kumbe niliyokuwa nikiikumbatia siku zote hizi ni ya yule farasi.

Kesho nitalivaa tena, niende nikaiongeze.